Sanduku la Kaka na Jina Lisilotamkwa

Niseme mapema: mimi na mashine hatujawahi kupatana. Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na ushee, tena mbali na nyumbani, na silaha yangu ilikuwa chaki. Siku niliyostaafu walimu wenzangu wakanichangia kompyuta mpakato, mpya kabisa, nyembamba kama daftari. Nikashukuru, nikapiga nayo picha, nikarudi nayo nyumbani Upareni, nikaiweka kabatini juu ya mashuka. Ingekaa huko mpaka leo kama si lile sanduku la kaka yangu.

Sanduku lenyewe lilikuwa jeusi, ukubwa wa mkate wa boflo, lina taa tatu mbele na tundu la waya nyuma. Kazi yake, kama nilivyokuja kuelezwa, ni kutunza mafaili ya ofisi nzima mahali pamoja, halafu kila kompyuta inayafuata humo kupitia waya. Kaka alikuwa akifanya kazi pale Same mjini kwenye mradi mmoja wa kukarabati ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia yaliyochimbwa na babu zetu. Wafadhili walipofunga virago, wafanyakazi wakagawana vilivyobaki. Mmoja akachukua friji, mwingine viti vya kuzunguka. Kaka akachukua sanduku, wenzake wakamcheka mpaka machozi.

Yeye alijua anachokitaka. Alitaka mahali pa kuziweka kaseti za baba.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Miaka ile ya shida, sukari kwa foleni na sabuni kwa kujuana, baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge huko tambarare, akiishi kambini na watu waliotoka kila pembe ya nchi. Mama alikuwa mlimani na sisi, na kusoma hakujua. Kwa hiyo baba hakuandika barua, alirekodi. Kaseti ilikuwa moja tu, maana nyingine ungeipata wapi? Ilipanda mlimani na sauti ya baba, mama akaisikiliza, akarekodi jibu juu ya maneno yale yale, ikashuka. Betri zikiisha nguvu tulizipanga juu ya bati zipigwe jua, na mama alikuwa anatukataza kuzungumza wakati kaseti inalia, kwa kuwa hatukujua betri zitakata roho dakika gani. Hivyo kila mmoja alimfuta mwenzake, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyeona ubaya.

Ilipokuja ruksa, madukani kukajaa kila kitu, kaseti nazo zikawa bwelele. Baba alikuwa amesharudi nyumbani. Siku moja, kaka akiwa ameshaoa, baba akamwambia alete redio, ana neno la kusema kuhusu shamba lililo chini ya ndiva. Likarekodiwa. Baba akafa, mama akamfuata. Miaka kadhaa baadaye kaka akazihamishia kaseti zote kwenye lile sanduku, na kwa kuwa zilikuwa hazina kazi tena, tepe zake akazichomoa akazitandaza shambani kufukuza ndege waliokuwa wanafukua mbegu za maharage. Niliziona kwa macho yangu zikimetameta kwenye miti, nikacheka. Sikujua nacheka nini.

Kisha kaka naye akatutoka.

Alimwacha mke, wifi yangu. Huyu mwanamke aliolewa kwetu katikati ya shida, harusi haikuwa na hata sukari ya chai, na tangu siku ile shamba la chini ya ndiva ni yeye. Kaka alikuwa mjini siku zote. Aliyeweka matuta ya mawe ni wifi, aliyepanda migomba ni wifi. Alikuwa anakwenda na baba, mkwe mbele na jembe, yeye nyuma na mbegu, mpaka baba alipoishiwa nguvu, akaendelea peke yake.

Sasa mdogo wetu wa mwisho, anayekaa Same mjini, akaja na mpango. Barabara ya kuja kwetu Chome ilikuwa imechongwa, wageni wanaokwenda msitu wa Shengena wameongezeka, na lile shamba sasa liko karibu kabisa na barabara. Alitaka ajenge nyumba ya kulala wageni. Shemeji yake, akasema, apewe kile kipande chetu cha kule tambarare. Kipande gani! Pale mvua inapita juu kwa juu kama haijakiona.

Wifi akajibu neno moja tu. "Mzee alinipa mimi. Alisema kwenye kaseti."

Wazee wa ukoo wakasema vizuri, kaseti iletwe. Kikao kikapangwa Jumapili baada ya ibada, wiki mbili mbele. Na mimi, kifungua mimba, mwenye kompyuta, msomi wa familia, nikaagizwa nilete sauti ya baba. Nikasema hilo ni dogo. Jamani, mdomo huu!

Nilianzia nyumbani kwa wifi. Umeme ulikuwa umeshafika. Nikachomeka sanduku, taa zikawaka kijani, likaanza kuvuma polepole. Nikafungua kompyuta yangu, nikachukua waya, nikatafuta tundu. Kushoto hakuna, kulia hakuna. Nikaigeuza chini juu. Kompyuta mpya, ya gharama, haina tundu la waya! Nikamwuliza wifi kama anaona tundu, maana labda ni macho yangu. Naye akaizunguka akiwa ameinama, mikono mgongoni, kana kwamba inaweza kumuuma. "Halipo," akasema.

Basi tukalifunga sanduku kwenye kanga, mimi na yeye tukashuka nalo mjini mpaka kwa fundi.

Fundi huyu ni mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni. Enzi za ruksa alikuwa anatengeneza redio. Redio zilipokwisha akahamia kompyuta. Akatoa kikamba kifupi chenye tundu upande mmoja na ulimi upande wa pili, akaunganisha kompyuta yangu na sanduku. Akabonyeza bonyeza. Akaguna. Sipendi fundi anayeguna.

"Mama, sanduku lipo hai. Nikilibishia hodi linaitika."

"Sasa liko wapi? Mbona kwenye kioo silioni?"

"Hulioni kwa sababu kompyuta yako inakataa kuongea nalo."

Nikamtazama. "Inakataa? Hii kompyuta ina miezi mitatu. Imeanza lini kuwa na kiburi?"

Akacheka, akajaribu kunielewesha. Masanduku ya zamani, akasema, yana namna yao ya zamani ya kuzungumza na kompyuta. Wezi wa mitandao waliigundua ile namna, wakaitumia kuingilia ofisi za watu. Basi wanaotengeneza kompyuta wakaizima, kompyuta mpya zote zinatoka zikiwa zimeambiwa zisiitike mtu akiita kwa namna ile. Sanduku linaita, kompyuta inasikia, inanyamaza.

"Kwa hiyo sanduku si bovu?"

"Si bovu."

"Na kompyuta si mbovu?"

"Nzima kabisa."

"Vizima viwili, halafu havielewani?"

"Ndiyo hivyo, mama."

Haki ya Mungu, nilichanganyikiwa. Kitu kikiwa kibovu nakielewa, unakitengeneza au unakitupa. Akaniambia dawa ni kuiwashia kompyuta ile namna ya zamani, ipo ndani imelala, mtu anaiwekea alama ya vema tu. Nikamwuliza, kama ndiyo wanayopitia wezi, anawafungulia mlango wa nini? Akasema intaneti anaichomoa kwanza, tukishatoa chetu anaizima tena. Wifi alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, anasikiliza. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni sawa tu. Mgeni wa zamani naye afunguliwe." Yeye alielewa kabla yangu, na hilo nalo liliniudhi.

Kompyuta ikazimwa, ikawashwa. Fundi akaandika tarakimu za anwani ya sanduku, na ghafla kikatokea kidirisha cheupe. Nikapiga makofi. Mapema mno. Kidirisha kilikuwa kinadai vitu viwili: jina la mtumiaji na neno la siri. Jina la mtumiaji kaka alikuwa amelibandika chini ya sanduku kwenye karatasi. Neno la siri hakuliandika popote.

Fundi akamgeukia wifi. "Mama, marehemu alikuambia neno la siri?"

Wifi akatazama chini. "Aliniambia."

"Haya niambie, niandike."

Akaanza kukunja pindo la kanga. "Hilo siwezi kulisema."

"Umelisahau?"

"Sijalisahau."

"Wifi," nikasema, "sema tu. Huyu ni fundi, kama daktari."

"Siwezi."

Nikahisi damu inapanda. Tumetoka mlimani alfajiri, tumekula vumbi, na shamba linalogombewa ni la nani, langu? Nikamwambia fundi aniachie. Nikaandika majina ya watoto wao, mmoja baada ya mwingine. Sivyo. Nikaandika jina la ubatizo la baba. Sivyo. Nikaandika Shengena. Sanduku likajifunga, likasema nimekosea mara nyingi, nisubiri. Fundi akanionyesha tundu dogo nyuma, la kuchomeka sindano ili neno la siri lifutike, lakini akasema hathubutu, maana kuna mengine ukiyachomeka hapo yanafuta na vilivyomo. Na kuzichomoa diski zake azisome peke yake? Hapo pia akatikisa kichwa. Akaniachia kikamba kile, akanionyesha mahali pa kuandika tarakimu za anwani, akasema likipatikana neno hata nyumbani tutafungua.

Tulirudi mlimani hatusemezani.

Siku zile zote hadi Jumamosi nilikuwa nageuza jambo hili kichwani na halikai. Ana neno, hataki kulisema. Shamba ni lake akilisema, shamba linaondoka asipolisema. Nani anafanya hivyo? Nikapata jibu moja tu, na lilikuwa baya: kaseti haina maneno anayodai. Anajua sanduku likifunguka ataumbuka, kwa hiyo bora lisifunguke, ukoo umwonee huruma.

Ijumaa nikamwambia. Alikuwa jikoni anachagua maharage ya makande, ungo mapajani. Nikamwambia hivi hivi, kama ninavyoandika: "Wifi, kama baba hakusema hayo maneno, nieleze mimi sasa hivi. Usinifanye nikasimame mbele ya ukoo kama mjinga."

Vidole vikasimama. "Unadhani nasema uongo?"

"Sijui nidhani nini! Wewe ndiye unayenichanganya. Neno moja tu linakushinda nini?"

"Wewe hujaolewa, wifi," akasema.

Loh! Hilo lilinichoma mpaka kwenye mfupa. Ni kweli sikuolewa, na katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kunirushia usoni. Nilidhani ananitukana. Nikatoka nje nikaubamiza mlango, mtu mzima wa umri wangu, na usiku huo sikula makande yake ingawa harufu ilinifuata mpaka chumbani.

Asubuhi ya Jumamosi baragumu likalia. Msaragambo. Kwa asiyejua, ni kazi ya pamoja: baragumu likishalia kila nyumba inatoa mtu, na siku ile ilikuwa zamu ya kuzoa tope kwenye ndiva. Sikuwa nimekwenda msaragambo tangu nilipokuwa msichana. Lakini kubaki nyumbani na hasira zangu nako kulinichosha, nikachukua jembe, nikafuata nyuma ya wifi kwa mbali.

Pale kwenye ukingo wa ndiva msimamizi alikuwa na daftari. Anasoma majina ya wenye nyumba, na nyumba kwa kawaida huendelea kuitwa kwa jina la mzee wake hata kama mzee alishazikwa. Anayeitwa anajibu kwa jina lile lile: nyumba ya fulani ipo. Nikawa nasikiliza nusu nusu, nikizitazama tepe za kaka, maana shamba liko chini pale pale, na vipande vichache bado vilikuwa vimenasa kwenye migomba.

Msimamizi akasoma jina la baba. Si lile la ubatizo. Alisoma la nyumbani, lile la Chasu, lugha yetu ya Kipare, alilokuwa akiitwa na bibi yetu. Nilikuwa sijalisikia miaka mingi kiasi kwamba niligeuka, nikadhani kuna mtu anamwita kweli.

Wifi hakujibu. Aliinua jembe juu, akalishika hivyo. Mwanamke aliyesimama kando yake akasema badala yake, kwa sauti ya mazoea kabisa, "Nyumba ya fulani ipo," akilitaja jina. Msimamizi akaweka vema, akaendelea na mwingine. Hakuna aliyeshangaa. Wifi akateremsha jembe.

Nikamsogelea yule mwanamke. "Kwa nini unamjibia? Hana mdomo?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanateremka. "Mwalimu, na wewe! Alitaje jina la baba mkwe wake? Miaka yote tunamjibia sisi."

Nilikaa chini pale kwenye ukingo, kwenye tope.

Nililijua jambo hili. Mama yangu mwenyewe hakuwahi kulitaja jina la babu. Hata mtu mwingine mwenye jina kama hilo alimwita "yule wa jina la mkubwa". Lakini ni adabu ya walioolewa. Mimi baba mkwe sikuwahi kuwa naye, na miaka yote ile ya kufundisha mbali, ilikuwa imenitoka kichwani kabisa. Ndiyo maana yake ya kusema sijaolewa! Hakunitukana. Alikuwa ananipa jibu, mimi nikabamiza mlango.

Nikamvuta pembeni, majembe mikononi. "Wifi. Neno la siri ni jina la baba?"

Akaitikia kwa kichwa.

"La nyumbani?"

Akaitikia tena, machozi yakamlengalenga. "Ndugu yako alicheka sana siku aliyoliweka. Aliniambia, hili hata wakushike wezi, wakufunge kamba, hutalisema. Akaniambia liko salama kuliko benki."

"Sasa mbona hukuniambia hata kwa kuzunguka?"

"Mbele ya fundi? Mwanaume nisiyemjua? Nianze kumwelekeza mzee, mara la nyumbani, mara la bibi, mpaka alijue? Si ni sawa na kulitaja?"

"Basi ungeandika! Darasa la saba ulimaliza!"

Hapo ndipo aliponitazama vizuri, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikaona kitabasamu. "Fundi alisema niambie. Wewe ulisema sema. Nani aliniambia andika?"

Ni kweli. Tulimkalisha kwenye benchi na mkoba wake. Hakuna aliyemsogezea kiti mbele ya kompyuta, kwa kuwa sote wawili, fundi na mimi msomi, tulishaamua kwamba mashine si kitu chake.

Mimi sasa nilikuwa nalijua jina, ningeweza kuliandika mwenyewe, ni baba yangu. Lakini nilipolichomeka sanduku mchana ule na kidirisha cheupe kikatokea, nikavuta kiti nikamkalisha yeye. Akasema hajui kubonyeza. Nikamwambia ni herufi zile zile za ubaoni, zimechanganywa tu na mtu asiyejua kufundisha. Kisha nikageukia ukutani, maana alinitaka nigeuke. Alisema kuandika si kutamka, lakini kuandika mtu akikutazama hakuna tofauti kubwa.

Nilisikia kidole chake. Kibonyezo. Kimya kirefu, anatafuta. Kibonyezo. "Hazijapangwa hizi," akanung'unika. "Zitafute," nikasema nikitazama ukuta, ambapo palikuwa na kalenda ya kanisa ya miaka minne iliyopita. Kibonyezo. Nilikuwa nimeshika mikono yangu yote miwili. Nilikuwa naogopa kuliko siku ya mitihani ya wanafunzi wangu.

"Sasa?"

"Bonyeza kile kikubwa cha kulia."

Nikasikia sanduku likiguna, likaanza kuvuma kwa nguvu. Nilipogeuka, kidirisha kilikuwa kimeondoka, na mahali pake yamepangwa majina kwa mkono wa kaka, maana hata kwenye mashine unamtambua mtu: Kaseti ya kwanza, Kaseti ya pili, Kaseti ya mama na baba, Shamba.

Tukafungua Shamba. Kwanza mkwaruzo. Halafu jogoo, ambaye bila shaka alishaliwa miaka mingi. Halafu sauti ya kaka, kijana, inasema: "Baba, anza kwa kutaja jina lako, ijulikane ni wewe."

Wifi aliruka kitini kama amemwagiwa maji ya moto, kanga kichwani, akatoka nje mbio. Baba akalitaja jina lake, polepole, lote. Kutoka nje wifi akauliza, "Ameshasema?" Nikamjibu ameshasema, rudi. Akarudi.

Na baba akasema. Alisema shamba la chini ya ndiva analiacha kwa mkamwana wake, na si kwa sababu ni mke wa mwanawe. Alisema mwanawe akifa, shamba ni la mkamwana. Mwanawe akioa mwingine, shamba ni la mkamwana. Alisema huyo mkamwana ndiye anayeitika baragumu. Akaongeza kwamba hamtaji mkamwana kwa jina kwa kuwa naye hajawahi kutajwa na yule mtoto hata siku moja, na anataka wafikishane hivyo mpaka mwisho.

Nilidhani imekwisha. Kumbe kaseti ilikuwa ile ile moja ya zamani, kaka hakuwa na mpya mkononi siku ile. Maneno ya baba yalipofika ukingoni, chini yake likachomoza kipande cha zamani ambacho hakikufutwa: mama yangu, katika shida ile, anasema sabuni imekwisha, ukipata chumvi lete, watoto wote wazima. Basi. Ikakata.

Nililia kwa sauti. Nilimlilia mama, na nililia kwa aibu, kwa kuwa nilimwita mwanamke huyu mwongo jikoni kwake, akiwa ananichagulia maharage. Nikamwambia, "Wifi, nisamehe, nilikudhania vibaya." Akanipiga begani. "Kula kwanza makande, mmekasirikiana nayo tangu jana."

Kikao hakikuchukua muda. Baba aliposema pale mezani, wazee walivua kofia. Wifi alikaa nje mpaka alipoitwa kwamba jina limepita. Mdogo wetu alisikiliza mara mbili, mara ya pili ameinamisha uso, akasema nyumba ya wageni ataitafutia mahali pengine. Sikumwonea huruma sana. Wazee wakamtuma msimamizi wa msaragambo abadilishe daftari.

Mwezi uliofuata baragumu likalia tena, nikaenda naye, safari hii ubavuni kwake. Msimamizi akaanza kusoma. Alipofika penye zamu yetu, akasoma jina la kike. Akasoma tena. Wifi alikuwa amesimama, macho mbele, jembe tayari mkononi, akisubiri kusikia jina la mzee ili aliinue. Wanawake walianza kugeuka kumtazama, naye akageuka pia, akitafuta anayeitwa ni nani.

Tangu aolewe alikuwa mke wa fulani, mama fulani, wifi, shemeji, mkamwana. Nikamgusa kiwiko. "Wifi, ni wewe unayeitwa."

Akanitazama, akamtazama msimamizi. Akateremsha jembe, akalisimamisha ardhini. Kisha akalitaja jina lake mwenyewe kwa mdomo wake, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya ndiva, akasema nyumba yake ipo.